Anayekupangia Chaji Hahitaji Kujua Umelala Wapi

Mwenye gari la umeme anapotaka kuliunganisha na huduma ya kampuni nyingine, iwe ya kupanga saa za kuchaji, ya bima au ya kupima afya ya betri, hupelekwa kwenye ukurasa mmoja wenye kitufe cha kukubali. Juu ya kitufe kuna orodha fupi: taarifa za gari, mahali lilipo, historia ya kuchaji, amri za kuchaji, mara nyingine hata amri ya kufungua milango. Wengi hubonyeza na kuendelea na mambo yao. Siwezi kuwalaumu, maana ukurasa wenyewe mara nyingi hutoa njia mbili tu: ukubali vyote au ukose huduma.

Tatizo la faragha ya magari haya naliona hapo hapo. Mjadala mwingi huzunguka swali la kama kampuni fulani inaaminika. Swali hilo halina jibu linalodumu, kwa sababu kampuni huuzwa, hufilisika, hubadili masharti na hudukuliwa. Swali lenye jibu ni hili: kazi uliyoomba ifanywe inahitaji kipande gani cha data, kwa usahihi wa kiasi gani, na kwa muda gani? Ukilifuatilia mpaka mwisho utaona kwamba huduma nyingi zinazoomba mahali gari lilipo zinaweza kumaliza kazi yao yote bila kupajua.

Magari ya kisasa ya mafuta nayo yana laini ya simu ndani yake na hutuma taarifa kwa mtengenezaji. La umeme lina mengi zaidi ya kusema. Kompyuta inayosimamia betri hupima volti na joto la seli, pamoja na mkondo unaoingia na kutoka. Gari hutuma asilimia ya chaji, kilomita zilizobaki, hali ya plagi na nguvu ya kuchaji ili mwenyewe ayaone kwenye simu. Kuchaji kwenye kituo cha umma mara nyingi ni muamala wenye saa, mahali na akaunti ya mlipaji, ilhali tangi la mafuta laweza kujazwa kwa fedha taslimu bila mtu kuulizwa jina. Nchini China, kiwango cha taifa cha GB/T 32960 kinataka gari la umeme litume data kwenye majukwaa ya usimamizi kwa vipindi visivyozidi sekunde 30, na mahali lilipo pamo ndani ya data hiyo.

Tuchukue huduma ya kupanga saa za kuchaji, maana ndiyo inayoombwa sana na ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Gari lina betri ya kWh 60, chaji imebaki asilimia 30, na mwenyewe anataka asilimia 80 ifikapo saa 12 asubuhi. Betri inahitaji kWh 30. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, tuseme asilimia 10, ukutani zitatoka takriban kWh 33. Chaja ya kW 7 itafanya kazi hiyo kwa muda usiofika saa 5. Gari likichomekwa saa 4 usiku, kuna saa 8 za kuchagua, na kazi yote ya programu ni kuzipata zile ambazo umeme ni nafuu au gridi haijalemewa. Hesabu imetumia ukubwa wa betri, asilimia mbili, nguvu ya chaja, hali ya plagi na saa ya kuondoka. Latitudo na longitudo hazikuingia popote.

Kampuni zina jibu, na ni la haki kiasi. Husema zinahitaji kujua kama gari lipo nyumbani, zisije zikasimamisha chaji wakati dereva yuko safarini kwenye kituo cha kasi. Hilo ni hitaji la kweli, ila linatoshelezwa na jibu la ndiyo au hapana. Chaja ya ukutani yenyewe inajua kama kuna gari limechomekwa. Kituo cha kasi hutumia mkondo mnyoofu (DC) huku chaja ya nyumbani ikitumia mkondo geu (AC), na gari hutofautisha hayo mawili na kuyaripoti. Pakibaki shaka, simu ya mwenye gari inaweza kulinganisha mahali gari lilipo na anwani ya nyumbani, ikatuma jibu tu. Badala yake seva nyingi huliuliza gari kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, na kuhifadhi kila jibu. Kuna hasara nyingine ambayo watu huiona bila kujua chanzo chake: gari linaloulizwa mara kwa mara halilali, linakula chaji likiwa limeegeshwa, na kwenye baadhi ya magari betri ndogo ya volti 12 huishiwa nguvu hadi milango isifunguke kwa rimoti.

Usahihi wa data nao ni uamuzi ambao watu wachache huuchukulia kwa uzito. Latitudo yenye desimali tano huonyesha mahali kwa takriban mita moja. Ikiwa na desimali tatu ni takriban mita 110, na ikiwa na mbili ni kilomita moja na ushei. Programu inayotaka kujua hali ya hewa ili ikisie gari litatembea umbali gani kwenye baridi inatoshwa na desimali mbili. Kuzikata zile nyingine kwenye seva ya mtengenezaji, kabla data haijatoka, ni kazi ya mstari mmoja wa programu.

Tofauti hiyo si ya nadharia. Desemba 2024 jarida la Ujerumani la Der Spiegel pamoja na Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi na wataalamu wa usalama wa kompyuta, walieleza jinsi Cariad, kampuni ya programu ya kundi la Volkswagen, ilivyoacha data za magari ya umeme yapatayo 800,000 kwenye hifadhi ya wingu ya Amazon bila ulinzi wa kutosha. Yalikuwa ya Volkswagen, Audi, Seat na Skoda. Kwa magari takriban 460,000 ilionekana mahali hasa yalipokuwa yakiegeshwa, hata ya doria ya polisi wa Hamburg. Kwa magari ya Volkswagen na Seat usahihi ulikuwa wa sentimita 10. Kwa Audi na Skoda ulikuwa wa kilomita 10. Kampuni ile ile na uzembe ule ule, lakini mwenye Skoda alionekana yuko mji gani tu, na mwenye Volkswagen alionekana ameegesha mbele ya nyumba ipi. Kilichomlinda wa kwanza ni kwamba data yenyewe haikuwa na cha kufichua. Sera ya faragha na ahadi za usalama hazikumsaidia yeyote kati yao.

Utetezi unaosikika mara kwa mara ni kwamba majina yameondolewa. Kwa data za mahali, kuondoa jina ni hatua ndogo mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Scientific Reports ulipitia mienendo ya simu za watu milioni 1.5 na kukuta kwamba nukta nne za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Gari hutoa nukta nne kabla ya adhuhuri. Pale linapokaa usiku ndipo nyumbani, pale linapokaa mchana ndipo kazini, na jozi hiyo mara nyingi haina mtu wa pili. Hata kasi peke yake husema mengi: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers walionyesha kwamba ukijua mahali safari ilipoanzia na mwendo wa gari njiani, unaweza kukadiria njia na mwisho wa safari kwa kulinganisha na ramani, kwa sababu kona na makutano hulazimisha mwendo kupungua.

Mbinu nyingine inayouzwa kama kinga ni kuichakata namba ya chesisi kwa fomula ya hashi, ili mpokeaji aone mfuatano wa herufi usioeleweka. Hapa inafaa kuikaribia hesabu yenyewe. Namba ya chesisi ina tarakimu na herufi 17. Tatu za kwanza ni za mtengenezaji, zinazofuata ni za aina ya gari, ya kumi ni mwaka wa modeli, ya kumi na moja ni kiwanda, na sita za mwisho kwa kawaida ni za mfululizo. Anayejua modeli, mwaka na kiwanda amebakiwa na namba milioni moja tu za kujaribu, akiichakata kila moja na kuilinganisha na hashi aliyonayo. Kompyuta ya kawaida huchakata mamilioni ya hashi kwa sekunde. Kwa hiyo ile hashi inafunguka kwa muda mfupi kuliko wa kuisoma aya hii, na namba halisi imeandikwa chini ya kioo cha mbele, ambapo mpita njia yeyote anaisoma. Nissan ilijifunza gharama ya kuitegemea namba hiyo Februari 2016, ilipobainika kwamba programu ya gari la Leaf iliruhusu yeyote mwenye namba ya chesisi kuwasha kiyoyozi na kuona historia ya safari bila nenosiri lolote. Ikabidi huduma isimamishwe. Kinga ya kweli ni kila mpokeaji kupewa namba ya kubahatisha iliyo yake peke yake, ili kampuni ya bima na kampuni ya kuchaji zikikutanisha majedwali yao zisiweze kuyaunganisha.

Madhara ya kugawa data hizi hayaishii kwenye udukuzi. Machi 2024 gazeti la New York Times liliandika kuhusu dereva wa Chevrolet Bolt, gari la umeme, ambaye bima yake ilipanda kwa asilimia 21. Alipoomba faili lake kutoka kwa dalali wa data, LexisNexis, alikuta safari 640 za miezi sita, kila moja na saa ya kuanza, saa ya kumaliza, umbali, mwendo uliopita kiasi, breki kali na kuondoka kwa kasi. Data zilitoka General Motors. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano ya kuizuia General Motors kwa miaka mitano kuzipa kampuni za ripoti za wateja data za mahali na za tabia ya udereva, baada ya kudai kwamba mahali gari lilipo palirekodiwa hata kila baada ya sekunde tatu.

Kwenye gari la umeme, alama ambazo bima humpa dereva kutokana na data hizo zina kasoro ya ziada ambayo sioni ikizungumzwa vya kutosha. Motor hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha magurudumu tangu gari likiwa limesimama, kwa hiyo kuondoka kwa kawaida kwenye taa kunaweza kuandikwa kuwa ni kwa fujo. Dereva akiachia pedali, motor hugeuka jenereta na gari hupunguza mwendo lenyewe. Baadhi ya mifumo ya bima huhesabu kupungua kwa takriban mita 3 kwa sekunde katika kila sekunde kuwa ni breki kali, na kwenye magari kadhaa breki ya motor hukaribia hapo bila mguu kugusa pedali ya breki. Dereva anayetumia pedali moja kwa utulivu, akiokoa umeme na pedi zake, anaweza kuonekana kwenye jedwali kama mtu wa hatari. Anayepokea namba bila kujua gari lilivyo hawezi kuirekebisha, na aliyeandikwa vibaya hana habari kwamba ameandikwa.

Baada ya yote haya, mtu anaweza kusema data zibaki kwa mtengenezaji basi. Nakataa. Mtengenezaji akiwa peke yake na data, yeye ndiye anayeamua nani atengeneze gari lako na utachaji kwa nani, na mifano ya Cariad na General Motors inaonyesha kwamba yeye mwenyewe si ghala salama. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Septemba 12, 2025, imechagua njia bora: mwenye gari ana haki ya kuzipata data na kuagiza zipelekwe kwa amtakaye, na mpokeaji anabanwa azitumie kwa kazi iliyokubaliwa tu, asimchore mteja tabia zake isipokuwa huduma yenyewe inahitaji hivyo, na azifute kazi ikiisha. Kanuni ya Betri ya Umoja huo nayo inatoa haki ya kusoma vigezo vya afya ya betri moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa betri. Huo ni mfano mzuri wa kipimo sahihi: mnunuzi wa gari lililotumika anapata uwezo uliobaki wa betri, bila kuona safari hata moja ya mwenye gari aliyemtangulia.

Vituo vya umma vya kuchaji vina njia yao ya kuvujisha. Kadi ya kituo kimoja inapotumika kwenye kituo cha kampuni nyingine, kompyuta zao hubadilishana rekodi yenye saa ya kuanza na kumaliza, kWh, kituo na kitambulisho cha kadi. Kadi nyingi hutambuliwa kwa namba isiyobadilika wala kufichwa, hivyo zinaweza kunakiliwa. Mifumo inayolitambua gari kwa anwani ya kifaa chake cha mawasiliano ina udhaifu ule ule, wakati mfumo wa vyeti vya kidijitali wa ISO 15118, kiwango cha kimataifa cha mawasiliano kati ya gari na chaja, una ulinzi bora zaidi dhidi ya kunakiliwa, ingawa nao humtambulisha mwenye mkataba. Asiyetaka mtandao wa vituo uwe na ramani ya safari zake alipe kwa kadi ya benki pale inapokubaliwa. Barani Ulaya vituo vipya vya umma vya kW 50 na zaidi vinalazimika kuikubali tangu Aprili 2024.

Kwa mwenye gari, hatua ya kwanza ni kutowahi kuipa programu nyingine nenosiri la akaunti ya mtengenezaji. Huduma iliyojengwa vizuri hukupeleka kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe, unaingia hapo, kisha yeye huipa ile huduma tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali wa kufikia gari bila kulijua nenosiri lako. Angalia anwani juu ya ukurasa kabla ya kuandika chochote. Ondoa alama kwenye mahali gari lilipo na kwenye amri za milango. Tesla, kwa mfano, imetenganisha ruhusa ya mahali na ile ya taarifa nyingine za gari, kwa hiyo jambo hili linawezekana kiufundi na mtengenezaji asiyelitoa ameamua kutolitoa. Huduma ikikataa kuanza bila mahali, waandikie uwaulize wanapatumia kwa hesabu gani. Jibu la "kuboresha huduma" si hesabu.

Kosa linalojirudia zaidi ni kudhani kwamba kufuta programu kwenye simu kunakata uhusiano. Hakukati. Tokeni inaishi kwenye seva ya kampuni: ya kwanza hudumu kwa saa chache, lakini ipo ya pili inayotumika kuomba mpya, na hiyo yaweza kuendelea kwa miezi. Ingia kwenye akaunti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya programu zilizounganishwa, ondoa idhini hapo. Siku inayofuata hakikisha gari halionekani tena kwenye ile huduma. Kisha omba nakala ya data zako zote, na baada ya kuipata ndipo uombe zifutwe. Ukianza na ombi la kufuta hutajua kamwe walikuwa na nini. Chini ya sheria ya faragha ya Ulaya, GDPR, jibu linatakiwa ndani ya mwezi mmoja.

Anayetaka kujua afya ya betri tu anaweza kutumia kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, na programu inayofanya kazi bila intaneti. Akishapata namba zake akichomoe. Vifaa vingi vya bei ya chini vina namba ya siri 1234 au 0000, na kikiachwa humo siku nzima kinanyonya ile betri ya volti 12 huku kikimngoja yeyote aliye karibu. Wale wanaohifadhi data za gari kwenye kompyuta yao ya nyumbani, jambo ninaloliunga mkono, wakumbuke yaliyotokea Januari 2022: kijana mmoja mtafiti wa usalama nchini Ujerumani aliweza kufikia magari zaidi ya 25 ya Tesla katika nchi mbalimbali, kwa sababu wenyewe walikuwa wameweka TeslaMate, programu huru ya kurekodi safari, wazi kwenye intaneti, na tokeni zilihifadhiwa bila kusimbwa. Nenosiri la kuanzia libadilishwe siku ile ile, na mlango wa kuingilia kutoka nje ufungwe, uingie kwa VPN tu, yaani njia ya faragha iliyosimbwa.

Gari likiuzwa au ndoa ikivunjika, kurudisha mipangilio ya kiwandani kwenye skrini hufuta kilicho ndani ya gari. Akaunti iliyo kwenye seva haiguswi. Aliyeuza anaweza kuendelea kuona gari lilipo, na aliyetoka kwenye ndoa anaweza kufuatiliwa na mwenzi wake wa zamani. Kwa hiyo gari liondolewe kwenye akaunti pia, na mwenye gari mpya afungue orodha ya watumiaji na ya funguo za simu, afute kila asiyemjua, kabla hajalipeleka nyumbani.

Watengenezaji nao waanze na jambo moja wanaloliweza leo: ukurasa wa idhini utaje kwa kila kipande cha data kazi yake, desimali zake na tarehe ya mwisho, na idhini ife yenyewe baada ya siku 90 isipohuishwa. Msimamizi wa faragha anayekagua huduma hizi asiridhike na sera iliyoandikwa vizuri. Aombe seva ya kampuni imwonyeshe safu za jedwali, kisha amwulize mhandisi, safu kwa safu, ni hesabu gani ingeshindikana kama safu hiyo isingekuwepo.